Uzoefu wangu: ziara ya miguu katikati ya Berlin, kutoka Lango la Brandenburg hadi Kisiwa cha Makumbusho

Ziara hii huanzia Pariser Platz, uwanja ulio mbele ya Lango la Brandenburg, na kumalizikia katika bustani ya Lustgarten, iliyo katika Kisiwa cha Makumbusho. Mwendo wake ni wa takribani saa tatu, pamoja na mapumziko mafupi ya chai. Hutolewa kwa Kijerumani, Kiingereza na lugha nyingine chache za Ulaya, nami nilijiunga na kundi la Kiingereza baada ya kulipia kupitia intaneti. Ninawaandikia wasomaji wa Kiswahili, na hasa walimu wenzangu wa historia, kwa sababu njia inayopitwa na ziara hii inagusa mambo tunayoyafundisha darasani kila mwaka, ingawa tangazo lake halisemi lolote kuhusu hilo.

Uzuri wa ziara ya miguu unategemea anayeiongoza, na sisi tulipata kiongozi hodari: mama wa makamo aliyesomea historia na kukulia upande wa mashariki wa jiji wakati Ujerumani ilipokuwa imegawanyika. Alitueleza kwamba Lango la Brandenburg lilijengwa kati ya mwaka 1788 na 1791 kwa mchoro wa Carl Gotthard Langhans, na kwamba sanamu ya gari la farasi wanne iliyo juu yake ilichukuliwa na Napoleon mwaka 1806 ikapelekwa Paris, kisha ikarudishwa mwaka 1814. Hayo yamo katika kila kitabu cha mwongozo. Lakini baada ya hapo alitutaka tuache kutazama juu, tutazame chini, kwenye mistari miwili ya mawe iliyopachikwa barabarani kuonyesha mahali Ukuta wa Berlin ulipopita. Lango hilo, ambalo leo kila mgeni anapiga picha chini yake, kuanzia Agosti 1961 hadi Desemba 1989 lilikuwa ndani ya eneo la mpaka lililopigwa marufuku, na yeye akiwa mtoto alikuwa akiliona kwa mbali bila ruhusa ya kulisogelea. Aliendelea na namna hiyo ya kufundisha hadi mwisho. Sehemu kubwa ya Berlin ya zamani ilibomolewa kwa mabomu au kwa makusudi, na msafiri asipooneshwa jinsi ya kuisoma ardhi atapita mahali pazito bila kujua.

Jengo la Bunge tuliliona kwa nje tu. Anayetaka kupanda kwenye kuba lake la kioo, lililosanifiwa na Norman Foster na kukamilika mwaka 1999, ajiandikishe mapema kwa ofisi za Bunge na aende na pasipoti yake; kupanda ni bure.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye Kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, kazi ya msanifu Peter Eisenman iliyofunguliwa Mei 2005. Ni vipande 2,711 vya zege vya rangi ya kijivu, vimepangwa kwa safu na havina jina wala maandishi. Ukiwa pembeni vinakufika magotini, lakini kadiri unavyoingia ndani ardhi inashuka na zege linapanda mpaka linakuzidi kimo, sauti za barabarani zinafifia, na wenzako wanapotea machoni. Kiongozi hakusema neno kabla hatujaingia. Alituacha kila mmoja apite peke yake, akatusubiri upande wa pili, na hapo ndipo alipozungumza. Ninamshukuru kwa uamuzi huo, kwa maana niliona makundi mengine yakipita yakihubiriwa kwa sauti kubwa na hayakupewa nafasi hata ya kunyamaza.

Hatua chache mbele ipo sehemu ya kuegesha magari ya wakazi wa maghorofa ya jirani. Chini yake ndipo lilipokuwa handaki alimojiua Hitler mwaka 1945, na hadi leo hapana mnara wowote, ila ubao wa maelezo uliowekwa mwaka 2006. Kiongozi alieleza kwa ufupi kwamba mji haukutaka mahali hapo pageuke pa kuhijiwa, tukaondoka.

Kisha tukaingia Wilhelmstraße, na hapa ndipo nina jambo kubwa la kusema. Katika mtaa huu, kwenye kiwanja ambacho zamani kilikuwa namba 77, palikuwa na jumba la Kansela Otto von Bismarck, na ndani yake ulifanyika Mkutano wa Berlin kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885. Mataifa 14 yaliwakilishwa na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Jumba lenyewe halipo tena. Ukumbusho uliopo ni ubao wa maelezo ulio karibu na namba 92 ya sasa. Kundi letu lilikuwa likiupita moja kwa moja. Nilimwomba kiongozi tusimame, naye alisimama kwa moyo mkunjufu na kueleza vizuri sana, jambo lililoonyesha kwamba ujuzi anao ila kituo hicho hakimo katika ratiba aliyopewa na waandaaji.

Alisahihisha pia dhana ambayo wanafunzi wengi wanayo, kwamba wakubwa wale waliitandaza ramani wakachora mipaka yetu yote papo hapo. Mkutano ulishughulika zaidi na biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na ukaweka masharti ya dola kutangaza na kushikilia eneo la pwani inalolidai. Mgawanyo wenyewe ulifuata kwa mikataba ya mmoja mmoja. Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya kuyalinda maeneo ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami ambayo Carl Peters alidai kuyapata kwa mikataba. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana bara na kumwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili kumi. Na mwaka 1890 zikatia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar humu humu Berlin. Wenzangu katika kundi, wengi wao kutoka Marekani na Hispania, walisikiliza kwa makini na kuuliza maswali mazuri. Waandaaji wanapaswa kukiingiza kituo hiki katika ratiba rasmi. Ziara inayojitahidi kusema ukweli kuhusu makosa ya Ujerumani haiwezi kuuacha mlango huu umefungwa.

Kipande cha Ukuta kilichobaki Niederkirchnerstraße kinastahili muda. Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia mpaka, hakinivutii: kibanda ni cha kuiga, mtaa umejaa maduka ya zawadi, na dakika tulizopoteza pale zingetosha kabisa kwa Wilhelmstraße. Gendarmenmarkt ni uwanja mzuri wa kupumzikia, basi.

Nguvu ya ziara ilirudi Bebelplatz. Tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Wanazi walichoma hapa vitabu takribani 20,000, mbele ya chuo kikuu. Kumbukumbu yake, iliyobuniwa na Micha Ullman, ni dirisha la kioo lililo sakafuni, na chini yake chumba cheupe chenye rafu tupu zinazotosha idadi hiyo ya vitabu. Ng'ambo ya barabara ipo Neue Wache, jengo la kuwakumbuka wahanga wa vita, ambamo sanamu ya Käthe Kollwitz ya mama aliyempakata mwanawe aliyekufa imewekwa chini ya tundu la paa, hivyo mvua na theluji humwangukia.

Kwa upande wa huduma, kundi lilikuwa dogo kiasi cha kila mtu kusikia, na saa ziliheshimiwa. Vaa viatu vya kutembelea, kwani mawe ya barabarani huchosha nyayo, na mwenye kutumia kiti cha magurudumu aulize mapema kuhusu njia. Bakshishi si lazima ukishalipia tiketi, lakini kiongozi mzuri anastahili kupewa.

Kama una nusu siku zaidi, ongeza mahali pawili peke yako. Kwanza Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, Invalidenstraße, lilipo gofu la dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27 aliyechimbuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Mifupa hiyo ilibebwa na wapagazi mabegani na vichwani hadi bandarini. Pili, shuka kituo cha treni cha Rosenthaler Platz na utembee hadi Brunnenstraße 193. Mbele ya nyumba hiyo pamepachikwa jiwe dogo la shaba lenye jina la Mahjub bin Adam Mohamed, ajulikanaye zaidi kama Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto, aliyefika Berlin mwaka 1929 kudai mishahara yake na ya baba yake. Alifundisha Kiswahili katika jiji hili, akakamatwa na Wanazi mwaka 1941, akafariki katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe ni dogo na liko usawa wa sakafu ya njia ya miguu, kwa hiyo litafute mchana kungali na mwanga.