Mizani ya kwenye lori: miezi minane ya kuitukana na kuiseti upya

Mwezi wa kwanza niliitukana sana hii mizani niliyofungiwa kwenye lori, inayoonyesha kwenye skrini uzito ulio juu ya ekseli. Skrini inaniambia ekseli za difu (zile za nyuma ya kichwa cha lori, zinazosukuma gari) zimebeba tani 16 na ushee, nafika mizani ya barabarani karatasi inatoka na kilo 17,450. Tulihamisha mifuko 25 ya saruji kutoka mbele ya tela kwenda nyuma, mimi na utingo wangu, usiku, malori nyuma yetu yakipiga honi. Nilikaribia kuing'oa.

Sasa ni miezi minane na sitaki kuendesha bila hiyo mizani. Kifaa ni kilekile, hata waya hazijabadilishwa. Kilichobadilika ni namna ilivyosetiwa, ndiyo maana nimeandika haya.

Lori langu lina springi za hewa kwenye difu na kwenye tela. Sensa imefungwa kwenye mpira wa hewa unaokwenda kwenye hizo springi, na kazi yake ni kusoma presha tu. Habari za kilo haizijui mpaka uifundishe: presha hii gari tupu ni kilo kadhaa, presha hii gari limejaa ni kilo kadhaa. Kwa namba hizo mbili inajikadiria yenyewe uzito mwingine wote. Ukiidanganya hapo, itakudanganya kila safari, tena kwa kujiamini.

Fundi aliyenifungia aliidanganya mara mbili. Kwanza, namba ya "gari limejaa" aliichukua nikiwa na mzigo wa tani tisa hivi, wakati mimi napakia hadi tani 30. Kosa dogo la kilo 200 kwenye tani tisa ukilivuta mpaka tani 27 linakuwa kilo 600. Pili, aliiseti mizani wakati breki ya mkono imevutwa. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikaiona, nikanyamaza kwa kuwa fundi ni yeye. Tairi zikifungwa hivyo, ekseli haziwezi kusogea kidogo springi zinapojaa hewa, kila kitu kinakaa kwa kukazana, na presha unayosoma siyo ya mzigo peke yake.

Nikairudia mwenyewe. Nilienda kwenye mizani iliyokaguliwa nikiwa tupu, tangi limejaa dizeli, mimi na utingo tumekaa ndani kama tunavyokaa safarini. Nikapima kila kundi la ekseli peke yake: mbele 5,400, difu 6,300, tela 5,100. Hapo hapo, sehemu tambarare, nikaweka kabari kwenye tairi, nikaachia breki ya mkono, nikasubiri hewa ijae mpaka kompresa ikapumua ule mlio wake wa "pshaa". Nikaziacha springi zitulie dakika mbili tatu, ndipo nikaingiza namba. Baada ya kupakia mzigo kamili nikarudi mizani ileile, nikafanya vilevile bila kuruka hatua. Kazi nzima ilikula siku moja. Ile ya fundi ilichukua dakika 20.

Tangu hapo nalinganisha kila karatasi ya mizani na skrini. Kwenye difu zinapishana kilo 60 hadi 150. Tela haijawahi kupita 200. Kwa kifaa kinachosoma hewa, mimi naridhika. Kuuza mzigo kwa namba zake sitathubutu, hiyo ni kazi ya mizani iliyokaguliwa.

Yapo ya kuangalia. Wiki moja nilivuta tela ya mwenzangu na skrini ikasema vituko, kwa sababu namba za tela yangu ilikuwa imezikariri. Kifaa kinaruhusu kuhifadhi tela zaidi ya moja, ila kila moja lazima uipeleke mizani, tupu na imejaa. Na gereji walipobadilisha kile kifimbo cha vali inayosawazisha kimo cha springi, gari likakaa juu kwa upana wa kidole gumba hivi. Macho hayakuliona hilo, ila skrini ilihama karibu kilo 400. Springi ikibadili kimo, presha ileile haibebi uzito uleule. Walipokirudisha kimo sawasawa, skrini nayo ikarudi.

Lalamiko langu moja halijaisha: ekseli ya mbele. Huko ni springi za chuma, hakuna hewa ya kusoma, kwa hiyo kifaa kinakisia kutoka kwenye difu. Ukisogeza ile sahani ya kuungia tela mbele au nyuma, hata matundu mawili ya reli yake, makisio yote yanaharibika. Ipo sensa ya kufunga kwenye chuma chenyewe, sijaiweka bado. Kwa sasa nikiona namba ya mbele naiongezea kilo 300 kichwani, ndipo naondoka.