Canon 100-400 Toleo la Pili kwa Picha za Ndege: Uzoefu wa Kisongo na KIA

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikipiga picha za ndege (eropleni, si ndege wa porini) kwa lenzi ya Canon EF 100-400mm f/4.5-5.6L IS II, mara nyingi kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Arusha ulioko Kisongo na mara chache KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaamua kununua lenzi ya Sigma 150-600mm Contemporary, kwa kuwa niliamini kwamba mpiga picha za ndege huhitaji masafa kwanza na mengine baadaye. Bahati nzuri rafiki yangu aliniazima yake kwa wiki mbili.

Ndege nyingi za Kisongo ni Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti, na ukisimama nje ya uzio (omba ruhusa kwanza, walinzi wana haki ya kukuuliza) ndege hizo hukufikia upesi kuliko unavyotazamia. Kwenye kamera yangu, 7D Mark II, inayokuza mara 1.6, milimita 150, ambazo Sigma haishuki chini yake, zilikuwa zikiukata mkia kila ndege ilipopita mbele yangu, ilhali kwa milimita 100 ndege inaenea yote na Mlima Meru unabaki kuonekana nyuma yake. Picha hiyo ya Meru hupendeza zaidi mwezi Desemba, jua linapokuwa upande wa kusini na kuumulika ubavu wa ndege unaokutazama.

Kisha kuna suala la pangaboi. Ukipiga kwa kasi ya sekunde 1/2000, mapanga huganda na ndege huonekana kana kwamba imezimika angani. Ili yaonekane yakizunguka, inakubidi ushuke hadi 1/160 au 1/200 huku ukiifuata ndege kwa kugeuka kuanzia kiunoni. Hapo ndipo gramu 1,570 za Canon zilipoishinda Sigma yenye gramu 1,930, kwani baada ya saa moja mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka. Swichi ya kutuliza mtikisiko iwekwe namba 2, ambayo huzuia mtikisiko wa juu na chini bila kupingana na mkono unaofuata ndege. Hata hivyo, katika picha kumi mimi huambulia tatu.

KIA, yenye njia ya kurukia ya takriban mita 3,600, nilitarajia Sigma ingeshinda moja kwa moja. Asubuhi na mapema ilishinda kweli, nami nakiri hivyo. Kuanzia saa nne, joto likianza kupanda kutoka kwenye lami, maandishi ya ubavuni mwa ndege hucheza kama yako chini ya maji, na milimita 600 hukuza mazigazi hayo pamoja na ndege.

Canon hii ina kasoro zake. Mwili wake hurefuka unapovuta, hivyo wakati wa kiangazi huufuta vumbi kwa kitambaa kila mara kabla ya kuurudisha ndani. Yangu ni ya mtumba, na muuzaji aliyeniapia kwamba imekamilika alinipa bila kofia ya mbele. Kagua boksi kabla hujalipa. Ikiwa bei yake inakuzidi, Canon 55-250mm STM ya gramu 375 inatosha kabisa kwa Caravan za Kisongo, ingawa KIA utatoka na vijidoa.