Siku Nzima Ndani ya Narrowboat: Nilijitia Nahodha, Yakanikuta

Haya niambieni, mko poa? Leo sichambui simu wala spika, leo ni boti. Tulikodi narrowboat kwa siku moja huku Bradford on Avon, Uingereza, kwenye mfereji wa Kennet and Avon, tulikuwa watu sita tukachangishana, kwa hiyo mfuko haukulia sana.

Umbo lake sasa, limerefuka kama behewa la treni ila upana kama mita 2 tu, mle ndani unyooshe mikono unakaribia kugusa kuta zote. Spidi mwisho kama kilomita 6 kwa saa, na ukipita boti zilizofungwa kando unapunguza tena maana kuna watu wanaishi mle, wimbi lako linawamwagia chai. Na zimejaa hizo boti! Kuna bibi na mbwa wake walikuwa wanatembea pembeni, ile njia ya farasi waliokuwa wakivuta boti zamani, wakatupita hivihivi na mkono akatupungia.

Leseni hawaulizi, wanakuelekeza kidogo halafu haya nenda. Mimi mtoto wa Tanga, kana naijua, ule mpini wa usukani, ukisukuma kulia boti inakwenda kushoto, nikajiona nahodha kamili. Kumbe shida ni urefu, wewe umesimama tezi, huku nyuma, omo, yaani mbele ya boti, iko kuleee, boti inajizungusha katikati, ukikata kona unaangalia mbele tu huku nyuma unagonga ukingo. Tukapwelewa kwenye tope, ikatoka pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, shemeji akasukuma mpaka kiatu kikabaki.

Ila Dundas jamani! Boti inapita juu ya daraja la mawe lililojaa maji, chini kuna mto Avon na reli, yaani uko kwenye maji unachungulia mto mwingine huko chini. Alilichora John Rennie, na mfereji wenyewe ulikamilika 1810. Hapo nilizima mdomo kabisa.

Tulianzia chini ya lango la maji la Bradford, lile la kupandisha na kushusha boti, toka pale hadi Dundas hakuna lango lingine, kwa hiyo mgeni anaweza. Ubaya ni kwamba anayeshika kana hana paa, mvua ikinyesha ni yako, wenzio wako ndani wanachemsha chai. Na kile choo, mh, tuache.

Naipa 8 kwa 10. Ukipita kabla ya Avoncliff ukaona raba nyeusi ya mguu wa kushoto, niandikie kwenye komenti, shemeji bado anaiulizia.