Unguja hadi Pemba: ndege au boti?

Kwa ndege, kutoka Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, hadi uwanja wa Pemba, karibu na Chake Chake, ni kama kilomita 125 za mstari ulionyooka. Angani ni nusu saa tu. Boti ya kasi kutoka Malindi, bandari ya mjini Unguja, hadi bandari ya Mkoani, kusini mwa Pemba, huchukua saa mbili na zaidi, na meli kubwa huchelewa zaidi ya hapo.

Nusu saa hiyo isikudanganye, maana kuna kufika mapema, kupima mzigo na kusubiri kuitwa. Hata hivyo kwa mtu wa Chake ndege inashinda. Ukishuka Mkoani bado una kilomita 30 hivi za barabara, na wa Wete, kaskazini zaidi, ndiyo kabisa.

Tena kuna mkondo wa Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja. Boti ikishaacha kivuli cha kisiwa, bahari iko wazi, na msimu wa kusi mawimbi huinuka hasa. Mama yangu hawezi. Yeye namkatia ndege bila kufikiri mara mbili.

Lakini kwenda kula sikukuu na gunia la mchele, maboksi na watoto watatu? Vile videge vidogo havibebi hayo. Mimi hupanda boti, tena ya asubuhi.