Uzoefu wangu: kurudisha waifai baada ya kupiga Windows 7 kwenye laptopu

Ofisini kwetu tunakata stika za magari na mabango, na mashine ya kukatia ni ya siku nyingi. Draiva yake, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia mashine, inakubali Windows 7 ya biti 32 tu. Mashine yenyewe ni nzima, inakata herufi ndogo bila kuchana, na sioni sababu ya kuitupa kwa ajili ya kompyuta. Ndiyo maana laptopu ya mtumba tuliyonunua, Core i5 ya kizazi cha nne iliyokuja na Windows 10, niliifuta nikaipiga Windows 7.

Kuipiga hakukuwa na kazi. Mashine ya stika ikasoma mara moja. Kilichogoma ni waifai: kule chini kulia alama ya mtandao ina X nyekundu, na ukiibofya hakuna hata jina moja la mtandao linalotokea. Fundi mmoja akaiangalia akasema, "Kaka, kadi ya waifai imeungua hiyo, nikuwekee nyingine." Sikukubali. Asubuhi yake, ikiwa bado na Windows 10, laptopu hiyohiyo ilikuwa inashika mtandao vizuri. Kadi haiungui kwa kubadilishiwa Windows.

Sababu ni ya tarehe. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Kadi iliyomo kwenye laptopu yetu, Intel Dual Band Wireless-AC 7260, iliingia sokoni 2013. Diski ya Windows 7 haiwezi kubeba draiva ya kadi ambayo ilikuwa haijatengenezwa, wakati Windows 10, iliyokuja baada ya kadi, inaijua. Kwa hiyo unachotafuta ni draiva, na draiva ya kadi hiyo kwa Windows 7 ipo.

Sasa utajuaje una kadi gani bila kufungua mfuniko? Hapa naomba tuelewane vizuri, maana ndipo watu wengi wanapopigwa hela. Fungua "Device Manager", orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta. Utaona kitu kinaitwa "Network Controller" chenye alama ya njano. Kibofye mara mbili. Kwangu kiliandika Code 28, yaani draiva haijawekwa. Nenda sehemu ya "Details", chagua "Hardware Ids", na utaona mstari kama huu wa kwangu: PCI\VEN_8086&DEV_08B1. Namba inayofuata VEN ni ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10EC ni Realtek. Inayofuata DEV ni ya modeli, na 08B1 ndiyo 7260. Ukishaipata namba hiyo huhitaji kubahatisha tena, na hakuna wa kukwambia kadi imekufa. Kadi iliyokufa kabisa kwa kawaida haitoi hata namba.

Draiva unaipataje wakati huna intaneti? Mimi nilitumia simu. Niliichomeka kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti kwa USB, Windows 7 ikaitambua na mtandao ukapita. Isipokubali, pakua kwenye kompyuta nyingine uhamishe kwa flashi. Kutegemea LAN, yaani waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, ni bahati yako, kwa sababu kwenye baadhi ya laptopu hata draiva ya LAN inakuwa haimo.

Pakua kwa mtengenezaji wa laptopu au wa kadi, na uangalie biti: ya 32 na ya 64 haziingiliani. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja siziamini. Nimeziona kwenye mashine za wateja zikiwa zimeleta na vitu vingine ambavyo mwenye mashine hakuviomba. Mwenye Windows 7 ya biti 64 ana jambo la ziada: draiva za baadaye zimesainiwa kwa SHA-2, aina ya saini ya kidijitali, na Windows 7 tupu haiwezi kuithibitisha saini hiyo, hivyo unapata Code 52, yaani draiva imekataliwa kwa ajili ya saini. Weka kwanza marekebisho haya ya Microsoft: Service Pack 1, kisha KB4490628, halafu KB4474419.

Draiva ilipoingia majina ya mitandao yakajaa, lakini kulikuwa na mambo matatu ya kumalizia. La kwanza kasi. Ilikuwa imeganda kwenye 54 Mbps hata nikiwa nimekaa pembeni ya ruta. Ruta yetu ilikuwa imewekwa ulinzi wa zamani wa waifai, WPA ya TKIP, na kanuni za 802.11n, kiwango cha waifai yenye kasi kubwa, haziruhusu kasi hiyo kwa TKIP. Nikaibadilisha kuwa ulinzi mpya zaidi, WPA2 yenye AES, kasi ikapanda palepale. La pili, hotspoti ya simu yangu ilikuwa inaonekana ila haiungi. Simu ilikuwa kwenye WPA3, ulinzi uliokuja baada ya WPA2, na Windows 7 haijui WPA3. Ukiirudisha simu kwenye WPA2 inaunga. La tatu, mtandao ulikuwa unakatika laptopu ikikaa bila kazi. Kwenye sifa za kadi, sehemu ya "Power Management", niliondoa tiki inayoruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme. Tangu hapo haikatiki.

Kuna laptopu nyingine ya mwenzangu ambayo njia hii haikufaa. Mwenye nayo wa kwanza aliibadilishia kadi akaweka Intel AX200, na draiva rasmi za kadi hiyo zinaanzia Windows 10. Kuweka kadi nyingine ya ndani nako kuna mtego, kwani BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) za baadhi ya laptopu hukataa kadi isiyo kwenye orodha yake. Tukamnunulia adapta ya USB, TP-Link TL-WN725N. Ni ya ukubwa wa ukucha, inachomekwa na kuachwa humohumo. Draiva yake ya Windows 7 ipo. Mipaka yake ni kwamba inashika waifai ya masafa ya 2.4 GHz peke yake na mwisho wake kwenye karatasi ni 150 Mbps. Kwa kupokea michoro ya wateja kwa barua pepe inatosha kabisa, na mimi ningeinunua tena bila kusita. Kwa mtu wa video nzito, hapana.

Hukumu yangu kuhusu Windows 7 yenyewe: kwa mashine ya kazi moja kama yetu, ni nyepesi na inatulia. Lakini Microsoft waliacha kuitengenezea marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni toleo la 109. Kwa hiyo pale hatufungui benki wala akaunti yoyote ya pesa; hayo yanafanyika kwenye simu. Draiva zote, ya kadi, ya LAN na ya mashine ya stika, nimezihifadhi kwenye diski D na nakala kwenye flashi, na flashi hiyo haitolewi ofisini.