Dagaa wa giza, chooko na majani: uzoefu wangu wa kulisha watu saba Unguja

Nyumbani kwetu Fuoni tupo watu saba: mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Pesa ya chakula ni shilingi 15,000 kwa siku, na mara nyengine haifiki. Ukiitaja pesa hiyo mbele za watu utaambiwa basi ni wali na mchuzi mwepesi, mambo ya chakula bora waachiwe wenye nacho. Sikubaliani nao hata kidogo. Watoto wangu wanakula vizuri, na kilichoibeba nyumba yangu ni dagaa wakavu wa hapa hapa Unguja, wanaouzwa kila soko na ambao wengi wetu tunawaona ni chakula cha mtu aliyekosa.

Nianze na hesabu. Kilo ya nyama ya ng'ombe imeshapita shilingi 10,000 zamani. Mimi nyama naweza kununua robo kwa siku, na robo ya nyama kwa watu saba ni kugombana tu. Robo ya dagaa wakavu inajaza sufuria. Nyama mbichi kwa sehemu kubwa ni maji, protini yake ni kama sehemu moja kwa tano ya uzito. Dagaa maji yameshatoka juani, na zaidi ya nusu ya kilichobaki ni protini. Tena dagaa analiwa mzima na miba yake, kwa hiyo mtoto anapata kalsiamu, madini ya mifupa, ambayo kwenye mnofu wa nyama ni kidogo sana. Sisi ambao maziwa tunayanunua kwa kubahatisha, hilo si jambo dogo.

Sasa bei. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa bila kujua, kwa sababu dagaa hana bei moja mwezi mzima. Dagaa wa huku huvuliwa usiku kwa taa. Boti hutoka na taa kali, dagaa hukusanyika penye mwanga, halafu nyavu huzungushwa. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote ina mwanga, taa haivuti kitu, na wavuvi wengi hupandisha vyombo wakapumzika. Sisi tunaohesabu miezi ya Kiislamu hatuhitaji kalenda nyengine: mwisho wa mwezi na siku za mwanzo wa mwezi mwandamo ni giza, mzigo unashuka kwa wingi, kuanzia 12 mpaka 17 hivi ni mbalamwezi, na dagaa unaowakuta sokoni ni wa siku nyingi au ni wachache na bei imepanda. Mimi nanunua siku chache baada ya giza kuanza, maana lazima wachemshwe na wakauke kwanza, na nanunua wa kunifikisha giza jengine. Wakikauka vizuri wanakaa bila friji, na umeme ukikatika sina cha kuhofia.

Uzuri wa dagaa unategemea sana walikaushwa wapi. Kule Kama na Mangapwani ukipita siku ya mzigo utaona masufuria makubwa ya maji ya chumvi yanachemka, na kina mama wanaanika. Kazi ile ni ngumu, jua la mchana na moshi wa kuni kwa pamoja, na nawaheshimu sana wanaoifanya. Wanaoanika juu ya chanja wanatoa dagaa safi. Walioanikwa chini wanakuja na mchanga, na mchanga wa dagaa hautoki hata ukiosha maji matatu. Unausikia menoni na mtoto akishausikia mara moja hataki tena. Mzigo mwingi mzuri huchukuliwa na wafanyabiashara kwenda Bara na mpaka Kongo, kwa hiyo rejareja sokoni lazima uchague kwa macho yako.

Mimi soko la Mwanakwerekwe ninaye mama ninayenunua kwake. Namuuliza tu, "Bi mkubwa, hawa wa giza hili?" Kama ni wa giza lililopita ananambia wazi: "Mwanangu, hawa wamekaa, chukua kidogo, wapya wanakuja." Mtu wa namna hiyo usimwache. Lakini hata kwake naangalia. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, ukimkunja anavunjika, kichwa bado kimeshika mwili. Akiwa na rangi ya manjano au wekundu kwenye tumbo mafuta yake yameshaharibika, na utayasikia kooni hata uweke ndimu nzima. Akiwa analainika mkononi hajakauka, atakuota ukungu ndani ya kopo. Na ukinunua kwa kopo badala ya mizani, ligeuze uone kitako chake. Yapo makopo yaliyobonyezwa kwa ndani, na kila kopo unaacha dagaa zako pale pale mezani kwa muuzaji.

Jikoni siwatupi vichwa isipokuwa wale wakubwa wanaochachuka. Nawaosha kwa maji ya vuguvugu, nawaloweka kidogo chumvi itoke, nawakaanga kwa mafuta machache mpaka wakakamae, nawaweka pembeni. Kwenye mafuta yale yale kitunguu, thomu (kitunguu saumu), tungule (nyanya), bilingani moja lililokatwa vipande, halafu tui. Dagaa wanarudi mwisho kabisa ili wasivurugike. Embe mbichi zikiwepo natia kipande, zisipokuwepo ukwaju au ndimu. Kwa ugali au kwa muhogo wa kuchemsha, hakuna anayeuliza nyama ziko wapi. Mwanangu wa tatu, ambaye alikuwa hataki kuwatia mdomoni, sasa anawatafuna wa kukaanga na ndimu kabla sijafika kwenye tui.

Kasoro yao kubwa ni chumvi. Mama mkwe ana presha, na daktari alishatwambia tupunguze. Kwake yeye nanunua dagaa wabichi pale ninapowapata, au vibua, nawapika mbali bila chumvi, kwa ndimu na pilipili manga. Vibua nao nawasifu: ni samaki wa mafuta, ni watamu, na wakishuka kwa wingi fungu lake linakuwa rahisi kuliko la samaki kama changu au nguru kwa mbali sana. Ukipata nafasi ya kwenda diko la Malindi ya hapa mjini, pale samaki wanaposhushwa, asubuhi, jiunge na majirani wawili watatu, nunueni mnadani fungu moja kubwa mgawane. Peke yako mnada haukufai, utabeba samaki usioweza kuwamaliza.

Wakati wa upepo wa kusi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa hivi, bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku na samaki wabichi wanapanda bei. Hapo chooko, yaani choroko, ndiyo mkombozi. Chooko za nazi ni chakula kamili mbele yangu, na sababu yangu si bei ya chooko peke yake, ni mkaa. Watu wanapanga bajeti ya chakula wakasahau moto. Maharage yasiyolowekwa yanakula mkaa masaa mawili na zaidi. Chooko zinaiva kwa muda mfupi zaidi hata usipoziloweka, na ukiziloweka tangu asubuhi ndiyo kabisa. Mbaazi nazipenda zaidi kwa ladha, ila ni lazima zilale kwenye maji usiku kucha. Siku za Ijumaa asubuhi tunakula mbaazi za nazi na boflo (mkate), na siku hiyo watoto wanakwenda skuli wameshiba mpaka mchana bila kudai pesa ya chipsi.

Majani sinunui sokoni. Mchicha wa soko kubwa unaweza kuwa na fungu nono zaidi, lakini ukifika nyumbani kwa daladala umeshalala, na jioni nusu yake ni ya kutupa. Nanunua kwa bibi wa genge la karibu ambaye analetewa kutoka mabondeni kila asubuhi. Matembele nimeyapanda mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye maji ya kuoshea vyombo, yanaota bila kudai chochote. Kisamvu kinataka mtu mwenye subira: kitwangwe vizuri na kichemshwe sana kabla ya kutiwa tui, maana majani ya muhogo yana sumu ambayo hutoka kwa kupikwa. Usiwe na haraka nacho kwa kuogopa mkaa, bora siku hiyo upike mchicha.

Na hapa nasema jambo ambalo naliomba sana kina mama wenzangu walisikie. Upungufu wa damu ni tatizo kubwa kwetu Zanzibar, kwa watoto na kwa wanawake. Madini ya chuma yamo kwenye dagaa, kwenye chooko na kwenye majani, vitu vya bei ndogo kabisa. Lakini chuma cha kwenye majani na kunde mwili hauchukui kwa urahisi. Ukikamua ndimu juu ya chakula, au ukala embe au chungwa pamoja nacho, mwili unakichukua zaidi chuma hicho. Ukinywa chai pale pale pamoja na chakula, unakizuia. Sisi tunapenda chai ya rangi na chakula cha usiku, ndiyo kawaida yetu tangu kwa wazee. Nyumbani kwangu chai nimeisogeza, inakuja saa nzima baada ya kula, na ndimu haikosekani mezani. Kuisogeza chai hakuna gharama hata shilingi moja.

Pesa iliyonunua ndimu na matunda nimeitoa kwenye mchele na sukari. Mchele wa mapembe, ule wa bei nafuu, ndio tunaokula, wa Mbeya ni wa sikukuu. Nanunua polo (gunia) zima na shoga yangu, tunagawana nusu kwa nusu, kwa sababu ukinunua kilo kilo dukani tofauti inakwenda kwa mwenye duka. Lakini hatuli wali mara mbili kwa siku. Mlo mmoja unakuwa wa muhogo, au ndizi mbichi, au viazi vitamu, au shelisheli likiwa msimuni. Shelisheli la kuchoma na mchuzi wa dagaa, kwa kweli, sijui kwa nini tunalisubiri Ramadhani. Vitu hivi vinatoka mashamba ya hapa hapa. Vitunguu, mbatata na sehemu kubwa ya tungule hutegemea Bara, na vyombo vikichelewa kuvuka bei inaruka kwa siku moja. Tungule nanunua alasiri, zile zilizoiva sana ambazo muuzaji hataki kulala nazo. Kwa mchuzi ndizo nzuri zaidi.

Matunda ni ya msimu tu, sifukuzi kitu kisichokuwepo. Embe zikijaa ni embe, machungwa yakishuka kutoka mashamba ni machungwa, na katikati yake ndizi na mapapai. Juisi za paketi za unga sinunui kabisa, ni sukari na rangi.

Niliwahi kujaribu pia huduma moja ya kuletewa chakula nyumbani, unaagiza kwa simu na kijana anakuja na pikipiki. Sitaitaja jina. Mchicha ulikuja umenyauka, dagaa walikuwa wamefungwa kwenye mfuko uliopambwa vizuri lakini ndani wamejaa mchanga, na nilipopima nyumbani uzito haukutimia. Nilipopiga simu niliambiwa dagaa wote ndivyo walivyo. Si kweli, na aliyesema hivyo hajawahi kuchagua dagaa. Kwa mama aliyejifungua au anayeuguza mtu huduma kama hii ingekuwa msaada mkubwa, kwa hiyo natamani wangeifanya kwa uaminifu. Kwa sasa siipendekezi kwa mtu mwenye pesa ya kuhesabu, kwa sababu pale mezani kwa muuzaji ndipo unapookoa pesa yako: unashika, unavunja, unanusa, unauliza giza lipi.

Kwa wenye watoto wachanga wanaoanza kula, yaani kuanzia miezi sita, mimi kitinda mimba wangu nilimlea hivi. Unachukua dagaa safi wa chanja, unawaloweka na kumwaga maji mara mbili tatu mpaka chumvi ipungue sana, unawaanika tena juani wakauke kabisa, unawakaanga bila mafuta juu ya moto mdogo, halafu unawatwanga na kuwachunga kwa chekecheke laini ili kusibaki mwiba. Unga wake nusu kijiko unatiwa kwenye uji au kwenye viazi vilivyopondwa, siku za mwanzo pungufu ya hapo ili uone tumbo linavyopokea. Chumvi usiongeze. Tengeneza kidogo kidogo, uweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na ukisikia harufu imebadilika mwaga utengeneze mwengine giza likifika.