Donepezili kwa mzee mwenye Alzheimer: bado ndiyo dawa ya kuanza nayo

Kwa mzee mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, anayeuguzwa nyumbani Makorora au Chumbageni hapa Tanga, donepezili ndiyo dawa ya kwanza kuizungumza na daktari. Imeidhinishwa Marekani tangu 1996 na haiponyi. Huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayosafirisha ujumbe kati ya seli za ubongo. Msitegemee akumbuke majina ya wajukuu wote. Akiweza tena kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, dawa imefanya kazi.

Huanza kwa miligramu 5 mara moja kwa siku, wakati wa kulala, na haipandishwi kufika 10 kabla ya wiki 4 hadi 6. Wengi huharibikiwa hapa: wakiharakisha, mzee hupata kichefuchefu na kuhara, anakataa chakula, na familia inaiacha dawa nzuri bure. Ndoto zikimsumbua, daktari anaweza kuihamishia asubuhi. Mapigo ya moyo yapimwe kwanza, hasa kama anatumia atenololi, dawa ya shinikizo la damu, maana zote mbili hupunguza kasi ya moyo. Akizimia, hospitali siku hiyo hiyo.

Angalieni pia dawa zake nyingine. Piriton, vile vidonge vidogo vya njano vya mafua, na amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, huzuia asetilikolini ile ile ambayo donepezili inaiongeza. Mpelekeeni daktari mfuko mzima wa dawa zake. Na joto la Tanga hupita nyuzi 30, basi pakiti isikae dirishani.

Leqembi, dawa nyingine ya Alzheimer iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani Julai 2023, ni hatua kubwa kweli: inaondoa amiloidi yenyewe, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa. Lakini katika jaribio la watu 1,795 kwa miezi 18, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27, yaani pointi 0.45 kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa chenye pointi 18. Mwanzoni huingizwa mshipani kila wiki 2, kwa walio hatua za mwanzo tu, baada ya kuthibitisha amiloidi, na MRI, yaani picha ya ubongo, hurudiwa kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Msiuze shamba kwa ajili yake.

Mzee akiikosa donepezili wiki nzima, msimrudishe kwenye 10 moja kwa moja. Mwoneni daktari, huenda akaanza upya na 5.